Sheria Iliyopita kwa Mayai

Palikuwa na nchi, na kama bado ipo shauri yake, ambayo Bunge lake halikuwa na saa ukutani. Zamani saa ilikuwepo, wakaitoa. Walisema inawatazama. Muda wa kusema humo ndani ulipimwa kwa chungu.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Waasisi wa nchi ile walipokutana mara ya kwanza kutunga sheria, walitoka mbali kwa miguu, na mtu mwenye njaa hatungi sheria, hutunga ugomvi. Basi wakainjika makande. Wakakubaliana: tutasema chungu kikiwa motoni, na kikiiva tutanyamaza, maana mdomo mmoja haufanyi kazi mbili. Aliyeridhika na yaliyosemwa atakula. Asiyeridhika ataiacha sahani yake kama ilivyo. Sahani kumi zikibaki hazijaguswa, basi maneno hayajaiva, na kesho chungu kitainjikwa upya. Wakayaandika hayo kwenye Kanuni za Bunge, wakagonga muhuri, wakala.

Makande, kila aliyewahi kuyapika anajua, si chakula cha haraka. Ukiyainjika asubuhi unaepua jua limeanza kuinama. Mtu alipata nafasi ya kusema, akabishiwa, akakasirika, akatoka nje kujisaidia, akarudi ametulia na kuomba radhi. Sheria za enzi hizo zilikuwa chache, na watu walizijua kama wanavyojua majina ya watoto wao.

Waasisi wakafa, kama ilivyo desturi ya waasisi, wakaja waheshimiwa.

Siku moja Spika alisimama, akajikohoza, akavuta joho lake likae sawa juu ya kitambi.

"Waheshimiwa," alisema, "nchi yetu inakwenda mbio. Inakwenda wapi, hilo litaelezwa na wizara husika. Lakini nchi inayokwenda mbio haiwezi kungoja makande!"

Wakapiga meza mpaka glasi zikaruka. Kanuni hawakuigusa hata herufi moja, maana kuibadili Kanuni kungetaka mjadala, na mjadala ungetaka makande. Walibadili chakula tu. Wakaunda Kamati ya Uongozi na Jiko, ikakaa faragha, ikatoka na maharage matupu. Baada ya maharage ukaja wali. Baada ya wali, uji.

Ndiyo maana katika nchi ile ukiuliza sheria fulani ilipitaje, unatajiwa chakula. Sheria ya Ardhi ilipita kwa maharage. Sheria ya Misitu ilipita kwa wali, na kwa kuwa wali ulikuwa wa nazi, hakuna aliyeuliza misitu inakwenda wapi. Sheria ya Magereza ilipita kwa uji, wakaunywa wamesimama. Ilipofika zamu ya mayai ya kuchemsha, Bunge likawa linapitisha sheria nne kabla ya saa nne asubuhi, na wananchi wakawa wanaamka hawajui kama waliyoyafanya jana ni halali au ni kosa.

*

Mpishi mkuu wa Bunge aliitwa Bi. Somoe. Aliingia jikoni humo enzi za makande, mwembamba, na sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye magoti yanayolia akichuchumaa. Jiko la Bunge lilikuwa la kuni na mafiga, kwa heshima ya waasisi. Ilikuwa ndiyo heshima pekee iliyobaki. Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani, na kupitia dirisha hilo Bi. Somoe alikuwa amesikia sheria zote za nchi ile na kuona zilivyotafunwa.

Aliyoyaona hayakumwachia hamu ya kula. Alimwona mheshimiwa aliyepangusa mdomo kwa muswada wa elimu. Alimwona mwingine aliyelala kuanzia kuinjikwa mpaka kuepuliwa, akaamshwa na harufu, akauliza, "Tunakula nini?" wala hakuuliza tunapitisha nini. Sahani ziliporudi dirishani zimelambwa, yeye alizishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya aliyekufa.

Kulikuwa pia na Mwonja Mkuu, Bwana Hamduni. Huyu alivaa joho la kijani na kubeba kijiko cha fedha kilichofungwa utepe. Kazi yake ilikuwa kuonja na kutamka neno moja, "Imeiva," Spika akagonga nyundo na maneno yakakoma. Zamani Mwonja alichaguliwa kwa meno yake. Hamduni alichaguliwa kwa shingo yake, kwa jinsi ilivyogeuka kirahisi kumtazama Spika kabla hajatafuna.

*

Asubuhi moja Orodha ya Shughuli ilibandikwa mlangoni pa jiko. Bi. Somoe aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno: *Muswada wa Kuunganisha Zahanati. Chakula: mayai ya kuchemsha.*

Akairudia, kisha akakaa kwenye kigoda.

Kuunganisha maana yake alikuwa ameisikia dirishani wiki nzima. Zahanati zote za vijijini zifungwe, ibaki moja kila mkoa, kubwa, yenye bendera. Kwao Lihundi mpaka makao makuu ya mkoa ni mwendo wa siku mbili, na siku ya pili ni mto. Huko Lihundi binti yake Zamoyoni alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa. Mimba ya kwanza alishikwa na kifafa cha uzazi, akarushwarushwa kama kuku aliyechinjwa, na kama si nesi Fortunata wa zahanati ya Lihundi na sindano yake, Bi. Somoe angekuwa amemzika. Mtoto hakupona. Safari hii barua ilisema miguu imeanza kuvimba tena.

"Shikamoo, mama." Mlangoni alisimama Mheshimiwa Lukindo, mbunge wa Lihundi, kijana wa makamo, koti limempwaya mabegani.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuonja au kuomba?"

"Nimekuja kuuliza. Leo tumeandikiwa nini?"

"Mayai."

Lukindo akashika kichwa. "Mayai! Mama, kwa mayai Waziri hamalizi hata kushukuru. Atashukuru, yataiva, watakula, imekwisha. Mimi sitafungua kinywa."

"Ulitaka kusema nini?"

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Nina majina arobaini na moja. Wanawake wetu waliokufa kwa uzazi kabla zahanati haijajengwa. Kila mmoja nimeandika na alipofia. Humo ndani mama, wachafu ni wengi, lakini wapo pia waliozaliwa na wanawake. Nikiwasomea haya, nitapata sahani kumi. Yangu ya kwanza."

"Yako ya kwanza?"

"Wallahi mama, leo nitameza mate yangu tu."

 Bi. Somoe akaitazama tena ile Orodha mlangoni.

"Nenda kakae kitini kwako," alisema. "Unyooshe karatasi yako, usije ukakosea majina ya watu."

Orodha ilisema mayai. Haikusema maji kiasi gani, wala kuni za namna gani, wala sufuria ipi. Waliiandika wasomi, wenye vyeti vya kutundika ukuta mzima, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuchemsha yai.

*

Juu ya kabati palikuwa na sufuria la makande, limekaa huko miaka, buibui wamelifanya ukumbi wao. Wapishi waliliita Mzee. Wapishi wanne walilishusha kwa mti begani.

"Bi. Somoe, mayai haya yataogelea humo," alisema mmoja.

"Yaogelee. Yana haki ya kuogelea. Jazeni."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mdomoni. Maji ya kisimani, si ya bomba. Na kuni nipeni zile za mfenesi."

"Zile mbichi? Zilizokatwa jana?"

"Hizohizo."

Kengele ikalia. Mzee akainjikwa, mayai yakazama chini kama watu wanaokwenda kulala, na Spika akatangaza kwamba mjadala umefunguliwa.

Waziri wa Afya na Mambo Yasiyo ya Haraka akasimama na kufungua jalada.

"Mheshimiwa Spika, awali ya yote namshukuru Mungu kwa kunijalia kusimama. Nakushukuru wewe kwa kukaa. Namshukuru Kiongozi Mkuu wa nchi kwa maono yake, na kwa namna ya pekee namshukuru kwa yale ambayo hajayaona. Nawashukuru wapiga kura wangu kwa uvumilivu wao, ambao wizara yangu inaendelea kuufanyia majaribio..."

Alikuwa amezoea. Kwa hesabu yake, akifika kwa mke wake, Mwonja huwa ameshashika kijiko. Akafika kwa mke wake. Akapenyeza jicho dirishani. Hakukuwa na mvuke. Ulikuwepo moshi tu, mzito, mweupe, unajikunja kama nyoka mvivu.

Akamshukuru mama mkwe. Akamshukuru fundi aliyemshonea suti, akamtaja mpaka na mtaa. Akashukuru hali ya hewa. Akamshukuru mbwa wake kwa kulinda geti. Jasho likaanza kumtoka, maana zaidi ya shukrani hakuwa na kitu kingine katika jalada lile. Muswada wenyewe ulikuwa ukurasa wa mwisho, na hakuwahi kufika huko katika maisha yake ya uwaziri.

"Mheshimiwa Spika," alisema hatimaye kwa sauti ya mtu anayezama, "nimemaliza kushukuru."

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Na Kanuni ya waasisi ilisema wazi kwamba chungu kikiwa motoni ukumbi haunyamazi: mmoja akikaa, mwingine asimame. Spika akatazama kulia, akatazama kushoto. Aliyesimama alikuwa mmoja tu, na koti limempwaya.

"Mheshimiwa Lukindo," alisema Spika, kama mtu anayetema ganda la muwa.

*

Lukindo alianza kusoma.

"Mwanahawa Binti Chitanda. Alifia njia ya Mto Lihundi, juu ya machela, wabebaji wakidhani amelala. Esha Mpulula. Alifia shambani, mbegu zikiwa bado mkononi. Rukia Makota na mapacha wake wawili..."

Hakupandisha sauti. Alisoma kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kila baada ya jina alinyamaza kidogo, kana kwamba mwenyewe ataitikia. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akichokonoa meno akakiweka kijiti chini. Mwingine akaacha kucheka. Kule nyuma, mheshimiwa wa kike, mnene, mwenye kilemba, akaanza kujifuta macho na ncha ya kilemba chake.

Spika aliona. Akaandika kikaratasi, kikapita mkono kwa mkono, na mara mlango wa jiko ukasukumwa. Wakaingia waheshimiwa saba wa upande wa serikali, Waziri mbele.

"Mama, kuna nini humu? Kwa nini hayaivi?"

"Yanaiva, mheshimiwa. Kila kitu na wakati wake."

"Hakuna wakati! Puliza moto!"

"Kifua changu hakiwezi tena. Pulizeni nyinyi, mna pumzi za kutosha, nazisikia kila siku."

Wakapiga magoti. Bi. Somoe hakuwahi kuwaona wamepiga magoti, hata siku ya maombi ya kitaifa. Suti za kitambaa cha ng'ambo kwenye majivu, makalio juu, tai zimetupwa mabegani, wakapuliza. Moshi ukawapuliza na wao. Wakakohoa, wakatema, makamasi yakawatoka, mmoja akapenga kwa vidole na kupangusa kwenye mguu wa meza ya kukatia vitunguu. Bi. Somoe akaisogeza meza.

"Karatasi!" alilia Waziri, macho mekundu kama ya fisi. "Leteni karatasi!"

Wakaleta walichokuwa nacho karibu, yaani Muswada wa Kuunganisha Zahanati, nakala mia moja themanini, zikiwa bado na harufu ya wino.

"Waheshimiwa," alisema Bi. Somoe kwa upole, "huo mnaouchoma si ndio mnaotaka kuupitisha?"

"Mama, muswada si wa kusoma. Ni wa kupitisha. Sogea."

Ukawaka, ukazimika. Mzee alikuwa na kiu ya moto kuliko walivyodhani. Wakaleta Taarifa Rasmi za Bunge, miaka kumi na moja, kila neno lililowahi kusemwa humo ndani, na zenyewe ziliungua haraka kwa kuwa hazikuwa na uzito. Maji yakaanza kutoa mapovu madogomadogo pembeni.

"Leteni Katiba," akasema Waziri. "Ile ni nene."

"Katiba, mheshimiwa?" aliuliza mmoja, akisita kidogo.

"Kurasa za nyuma tu."

"Za nyuma zina nini?"

"Sijui. Sijafika huko."

Kutoka dirishani sauti ya Lukindo iliendelea, taratibu, haikati. "Jina la ishirini na nane. Sikudhani Ngonyani. Miaka kumi na saba. Alifia kwenye mlango wa duka, akiomba kiti..." Na Bi. Somoe, amesimama na mwiko wake katikati ya moshi, alihesabu naye kimoyomoyo. Ishirini na tisa, huyo alimjua. Thelathini, huyo alisoma naye. Thelathini na moja alikuwa dada yake.

Hakulia. Aliongeza kata moja ya maji baridi.

*

Lukindo alipofika jina la thelathini na tisa, Waziri alichoka. Akamvuta Bwana Hamduni kwa joho mpaka kwenye sufuria.

"Onja."

"Hayajachemka, mheshimiwa."

"Sikukuuliza yamefanyaje. Nimesema onja."

Hamduni akachota yai kwa kijiko cha fedha, akaligonga kwenye ukingo wa Mzee, akalivunja juu ya kinywa. Likashuka jeupe, linavutika, linaning'inia kidevuni kama mate ya ng'ombe, na kiini kikapasuka kikatiririka mpaka kwenye utepe wa dola. Akafumba macho. Koo likapanda, likashuka, likapanda tena, likakataa, akalilazimisha.

"Bwana Hamduni," alisema Bi. Somoe, "hiyo ni kamasi."

"Bi. Somoe," alijibu, huku akiziba mdomo kwa kiganja, "mimi si mpishi. Mimi ni Mwonja wa Dola." Akatoka mpaka mlangoni mwa ukumbi, akavuta pumzi, akatamka: "Imeiva."

Nyundo ikagonga. Lukindo akakatwa jina la arobaini mdomoni.

Wapishi wakapitisha sahani, mayai mawili mawili. Na hapo ndipo Bi. Somoe alipotamani angezaliwa kipofu. Walikula. Jamani, walikula! Walivunja maganda, ute ukachuruzika kwenye vidole, wakaramba vidole. Wengine waliinua vichwa kama vifaranga na kufyonza. Kiini kikakaa kwenye masharubu, kwenye beji, kwenye miwani. Harufu ya ubichi ikajaa ukumbi, ile harufu ya kuku aliyeloa. Mmoja alitapika kidogo ndani ya leso, akaikunja vizuri, akaendelea na yai la pili, kwa sababu sahani isipoisha haihesabiki kuwa ni ndiyo.

Lakini Bi. Somoe hakuwa akiwatazama wale wanaokula. Alikuwa anatafuta sahani ambazo hazijaguswa.

Mama wa kilemba alikuwa amesukuma yake mbali. Moja. Yule aliyekiweka chini kijiti cha meno, mikono mapajani. Mbili. Wazee wawili wa safu ya kati. Nne. Bi. Somoe alishika ukingo wa dirisha. Tano, sita. Kijana mmoja wa upande wa serikali kabisa, hagusi. Saba. Nane. Kule pembeni, moja zaidi.

Tisa. Na ya Lukindo, kumi.

Kumi! Kesho chungu kitainjikwa upya. Kesho atadai makande, na akikataliwa atayapika hivyohivyo. Alitaka kupiga kigelegele, akajizuia kwa kiganja.

Lukindo akainua mkono. Bi. Somoe akajua anataka kudai sahani zihesabiwe. Mhudumu wa ukumbi akamwendea, akainama kumsikiliza, kisha akaja dirishani.

"Mheshimiwa Lukindo anaomba chumvi," alisema.

*

Baada ya kikao alikuja jikoni, sahani yake mikononi, nyeupe kabisa.

"Mama," alisema, "usinitazame hivyo."

"Nakutazamaje?"

"Nilikuwa na njaa. Tangu jana usiku sijala, nilikuwa naandika majina. Na Spika alinitazama, mama. Alinitazama, akatabasamu, akanionyesha sahani kwa kidole. Mkono ukaenda wenyewe."

"Mkono ukaenda wenyewe mpaka kwenye chumvi."

"Hata hivyo nimesema! Hilo ndilo kubwa. Watoto wetu watasoma kwamba nilisimama nikasema. Kila neno limeandikwa kwenye Taarifa Rasmi."

Bi. Somoe akaelekeza mwiko kwenye majivu chini ya Mzee. "Pale ndipo tunapoziweka siku hizi, mwanangu. Kachague kurasa zako kabla hazijazolewa."

Akavua aproni, akaitundika.  Ukweli ni kwamba hakuwa na hasira. Hasira ni kitu kisafi. Alikuwa na kichefuchefu tu, kile cha mtu aliyeuma andazi akakuta nusu ya mende.

*

Alipanda lori la viazi, akashuka, akavuka mto kwa miguu, akafika Lihundi siku ya pili asubuhi.

Kufuli lilikuwa limemtangulia. Serikali ile ikitaka kujenga hutuma tume. Ikitaka kufunga hutuma kufuli, na kufuli halimshukuru mtu njiani. Lilining'inia kwenye mlango wa zahanati, jipya, linang'aa, na karatasi yenye muhuri pembeni.

Barazani, juu ya mkeka, alilala Zamoyoni. Uso umejaa kama unga uliochachuka. Nesi Fortunata alikaa pembeni yake, mikono kifuani.

"Sindano ziko ndani, Bi. Somoe," alisema upesi. "Kila kitu kiko ndani. Nimepewa barua, nikivunja mlango huu ni jela. Nimewaambia wanakijiji wavunje wao, mimi nitaingia."

"Na wao wanasemaje?"

Nesi akaonyesha kwa kidevu. Uwanjani kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwa duara, na katikati, juu ya mafiga matatu, palikuwa na chungu. Mwenyekiti Likoko alikuja mbio, uso umejaa furaha.

"Karibu mama, karibu! Umetukuta kwenye shughuli. Tulisikiliza redioni ule uchafu wa mayai, tukasema sisi hapana! Sisi tunafuata njia ya waasisi. Tumeinjika makande. Kila mtu atasema mpaka atosheke, halafu tutaamua kama kufuli livunjwe au tuandike barua."

"Mmeinjika lini?"

"Sasa hivi tu. Hata hayajatokota." Akapunguza sauti, kwa fahari. "Mahindi ya mwaka juzi, mama. Magumu kama kokoto. Tutajadili mpaka magharibi."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alikuwa amesimama tayari, anaeleza kwa utulivu tofauti ya kufuli la serikali na kufuli la mtu binafsi, na kwamba kwa upande wa kwanza angependa kugusia mambo matano.

"Mama," aliita Zamoyoni kutoka mkekani. "Mama, mbona giza? Siwaoni vizuri."

Bi. Somoe aliingia katikati ya duara. Alivua kanga ya juu, akaizungushia mkono mara tatu. Akachuchumaa, magoti yakalia, akashika figa moja na kulivuta.

Chungu kikalala upande, kikapinduka. Maji, mahindi na maharage vikamwagika kwenye vumbi.

"Mama!" alipiga kelele Mwenyekiti Likoko. "Hoja bado iko mezani!"

"Sasa iko chini," alisema Bi. Somoe.

Alipita katikati yao na lile jiwe, kanga ikifuka moshi. Pigo la kwanza likakwaruza. La pili likapinda chuma. La tatu, kufuli likadondoka pamoja na karatasi yake, na nesi Fortunata akalivuka bila kulitazama. Wanawake wanne walimnyanyua Zamoyoni pamoja na mkeka. Mlango ukafungwa kwa ndani.

Uwanjani watu walibaki wamesimama, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwenyekiti Likoko aliuliza kama kuna anayeandika muhtasari.  Yule mzee wa mambo matano akakaa chini na matano yake. Jua likapanda, kuku wakaja kudonoa, na bado hakuna aliyethubutu kuondoka wala kusema.

Mwishowe Mwenyekiti akainama, akaokota punje moja ya hindi kwenye vumbi, akaipuliza, akaitia mdomoni na kuitafuna kwa makini, shingo upande, kijiji kizima kikimtazama.

"Bado," alisema. "Mabichi kabisa."

Ndani mtoto akalia. Na nyuma ya kilio hicho, sauti ya Zamoyoni, nyembamba, yenye kukwaruza, ikaomba maji.